Mkono wa Revelian Uliozikwa Mtoni

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia, mimi Valerian Mutalemwa, mdogo wa baba yake, ninawasomea maisha ya mpendwa wetu Revelian Projestus Mutalemwa, aliyezaliwa Kanyigo, Bukoba, tarehe 14 Machi 1968, akiwa mtoto wa nne wa marehemu Mzee Projestus na marehemu Mama Kokushubila.

Alisoma shule ya msingi kijijini, kisha sekondari mjini Bukoba, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, na mwaka 1991 aliajiriwa Kurasini, katika yadi ya makontena, akiwa karani wa kupokea mizigo. Tarehe 6 Julai 1996 alifunga ndoa takatifu na Clara, wakajenga Mtoni, jirani na Kurasini, wakajaliwa watoto wawili, Gibson na Jovina.

Tarehe 9 Agosti 2019 kontena lilimbana mkono wa kulia, ukakatwa chini ya kiwiko, nasi tukauzika katika makaburi ya Mtoni, ndani ya kisanduku cha mbao. Tangu hapo Revelian alisema mkono huo umekunja ngumi huko uliko, kucha zinamchoma kiganja, na Clara alizoea kumjibu, "Baba Gibson, acha mawazo, ule."

Mwezi Mei 2022 madaktari watafiti, wakitafuta namna ya kuendesha mkono wa bandia, walimpandikizia ndani ya misuli iliyobaki nyaya nyembamba za kunasa ishara za seli za neva, na mashine ikazigeuza ishara hizo kuwa sauti, kama mvua inayoanza kudondoka juu ya bati. Daktari alimwambia alegeze mkono, akajibu, "Nimelegeza, daktari. Huo unaousikia ni ule wa Mtoni." Daktari alitueleza kwamba seli zile zilikuwa bado zinaviamuru vidole vikunje, na Clara, aliyekuwapo, hakumbishia tena. Utafiti ulipokwisha alikataa nyaya zitolewe, akawa anarudi kliniki kuomba mashine iwashwe, na sauti ile haikukoma.

Mwezi Novemba 2024 figo zake zilianza kushindwa kazi, akalazwa mara tatu, akafariki dunia Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, akiwa ameusia azikwe Mtoni. Ukoo ulitaka arudishwe kibanjani, kwenye shamba la ukoo huko Kanyigo, walikolala wazazi wake, tukabishana siku mbili, mwishowe tukakubali wosia wake, kwa kuwa hapakuwa na aliyethubutu kumwacha mbali na mkono huo.

Asubuhi ya leo wachimbaji wa kaburi lake walikifikia kisanduku, kingali kimefungwa, na vijana wetu wakauliza kama kifunguliwe, tuvitazame vidole. Clara alisema, "Kiacheni. Mkono ataufungua mwenyewe." Kitawekwa upande wake wa kulia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, watafiti waliomsadiki, majirani wa Mtoni waliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa Kurasini.

Revelian, mwanetu, pumzika sasa kwa amani, wewe na mkono wako.