Mkung'uta Umande wa Kliniki ya Alhamisi

Baada ya miaka thelathini na mitano ya kutibu, kubembeleza na kutania watu wa wilaya hizi mbili, Karagwe na Kyerwa, Tabibu Yusto Ndyamukama anatundika koti jeupe tarehe 30 Juni 2025. Jarida letu la kituo limenipa mimi, Agnetha wa mapokezi, kazi ya kuandika wasifu wake, kwa sharti moja: nisijaze ukurasa kwa habari za harusi yangu. Nimejitahidi. Mtaona wenyewe nilipofika.

Tabibu Yusto alizaliwa Muleba na kuanza kazi Rugera mwaka 1990, kisha mwaka huohuo akahamia hapa Nyakatuntu, enzi ambazo Kyerwa yote ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Karagwe. Alikuja na baiskeli, sanduku la bati na mkewe, Mama Prudensia, ambaye mpaka leo husema aliambiwa watakaa mwaka mmoja tu.

Miaka ya mwanzo alitibu kila kitu: malaria, majeraha ya panga, matumbo ya watoto waliokula senene, wale panzi wa kukaanga, kupita kiasi. Lakini aligundua jambo. Mama alimleta mtoto mmoja mwenye kikohozi, huku nyumbani kuna mwingine aliyechelewa kutembea, kuongea au kuelewa, na huyo hakuletwa kamwe. Alifichwa chumba cha nyuma. Wengine walisema amelogwa, wengine kwamba mama yake alivunja mwiko. Tabibu akaomba apewe siku moja kwa wiki kwa ajili ya watoto hao, na ndivyo ilivyozaliwa Kliniki ya Alhamisi.

Wengi tunaijua kwa sheria zake. Anayetamka neno "taahira" anafagia uwanja, na mganga mfawidhi wetu, mkuu wa kituo, amefagia mara mbili. Mtu hazungumziwi juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo. Tena Tabibu hakumuuliza mama kwanza mtoto ana tatizo gani. Aliuliza, "Wiki hii nini kimemchekesha?" Kina mama walikuja na uso wa msiba, wakijiandaa kueleza balaa, wakajikuta wanasimulia mbuzi aliyeingia kanisani.

Halafu kulikuwa na mkeka. Tabibu alitaka kujua kama hali ya mtoto imepita katika ukoo, kwa hiyo alitandika mkeka nje na kupanga ukoo mzima juu yake: punje za mahindi ni wanaume, buni za kahawa ni wanawake. Mabibi waliomwogopa mtu mwenye kalamu walisogea wenyewe na kusahihisha, "Hapana waitu, jamani, huyo alioa wawili, ongeza kahawa." Siku moja kuku wa jirani akapita na kummeza babu, wajomba wawili na baba wa mtoto. Tabibu akashika kichwa. Mama wa mtoto akamtuliza: "Usihangaike Tabibu, hata nyumbani ndivyo walivyo. Tunabaki kahawa tupu."

Kwa mkeka huo aliwafundisha watu kwamba sababu ni nyingi. Wapo watoto walioumia wakati wa kuzaliwa au kwa malaria iliyopanda kichwani. Wapo ambao chanzo kiko kwenye vinasaba, yaani yale maelekezo madogo ya mwili tunayopewa na wazazi, na hapo napo kuna mabadiliko ya kurithi na yale yanayojitokeza yenyewe, bila mtu kukosea. Mama mmoja kutoka Songambele ana wavulana watatu wenye uzito wa kujifunza, na vipimo vilionyesha kwamba kwao hali hiyo hupitia kwa mama. Alilia akiomba radhi. Tabibu akamwambia, "Hayo macho mazuri pia umewapa wewe. Mbona kwa macho hukuomba radhi?" Yule mama alicheka huku kamasi zinamtoka, na tangu siku hiyo hajakosa Alhamisi hata moja.

Sasa naomba wahariri wafumbe macho kidogo.

Dada yangu mkubwa, Beata, ana hali ya Down. Ndiye aliyenifundisha kumenya ndizi bila kujikata, na ndiye pekee nyumbani anayeweza kumnyamazisha baba. Elpidius wa maabara aliponipenda (ananipenda jamani, kila asubuhi ananiwekea dawa ya meno kwenye mswaki kabla sijaamka!), alihitaji katerarume. Kwa wageni wa huku: katerarume ni mshenga anayetangulia kwenda ukweni, anayekung'uta umande njiani ili wenzake wasilowe. Elpidius akamchagua Tabibu Yusto. Alikuwa mwenyeji kwetu, mzungumzaji mzuri, na ana kanzu inayomtosha.

Siku ya posa walikuja na shangazi wa Elpidius, Shangazi Xaveria wa Muleba, mama ambaye ukimwamkia shikamoo anakuangalia kwanza kama unastahili kuitikiwa. Nikiwa nyuma ya pazia nilimsikia akisema, "Tabibu, mimi sizunguki mgomba. Huyu dada wa binti. Hali yake itatufuata kwenye wajukuu?"

Baba akatazama sakafu. Nami nikajua kwamba posa yangu yote imesimama juu ya swali hilo moja. Na Beata alikuwa palepale katikati, ameshika kikapu cha kahawa za kutafuna, anawakaribisha wageni.

Katerarume mwingine angesema "hapana, hapana" haraka ili mambo yaende. Tabibu Yusto alimgeukia dada yangu. "Beata, wanauliza habari zako. Unaruhusu nijibu?"

Beata akafikiri. "Jibu. Lakini kwa kifupi, ndizi zinapoa."

Tabibu akachukua tunda moja la kahawa kutoka kwenye kikapu, akalimenya, zikatoka punje mbili. Akasema kwa kawaida huwa mbili, lakini kila mkulima hapa amewahi kumenya tunda moja akakuta tatu, na hakuna aliyeutukana mti wa kahawa. Ndani ya miili yetu, akasema, maelekezo yamefungwa mafungu mafungu yanayoitwa kromosomu, jozi ishirini na tatu. Kwa Beata jozi moja imepata fungu la tatu. Mara nyingi hutokea kwa bahati tu, lakini ziko familia chache ambamo hurithiwa. Ndiyo maana, kwa ridhaa ya Beata na wazazi, damu yake ilipelekwa kupimwa mbali. Majibu yalisema ni bahati tu: mimi nina nafasi ya kumpata mtoto kama Beata sawa na mwanamke yeyote wa umri wangu.

Kila mtu alishusha pumzi. Hapo angeweza kukaa. Lakini hakukaa.

"Na kama majibu yangekuwa ya kurithi, Shangazi, ningekuambia vilevile," alisema. "Na bado ningevaa kanzu hii nikaja. Hakuna ukoo ambao hauwezi kumpata mtu kama Beata. Tofauti ni kwamba wengine wanawakaribisha, wengine wanawafungia chumba cha nyuma."

Shangazi Xaveria alishika shanga za rozari yake, akamtazama Beata muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu. Kisha akasema, "Kwetu mdogo haolewi kabla mkubwa hajaombwa. Binti, tunaomba ruhusa. Unataka nini?"

Beata alikuwa na majibu tayari. Kwanza Tabibu apigwe faini ya kibuyu cha rubisi kwa kuchelewesha chakula. Pili, siku ya harusi yeye akae kiti cha mbele garini. Dirishani.

Faini ililipwa, na Tabibu mwenyewe alisaidia sana kuinywa ile pombe ya ndizi. Mwezi Mei tulifunga ndoa. Beata alikaa mbele, dirishani, akapungia mkono wilaya nzima, na picha zote za gari la harusi ni zake. Mimi naonekana nyuma kama mzigo, mzigo wenye furaha kuliko mizigo yote duniani.

Ningeishia hapo, maana wahariri wamefumbua macho. Lakini Alhamisi iliyopita, kliniki ya mwisho ya Tabibu Yusto, nikiwa mapokezi niliona mtu anapanda mlima wetu taratibu, amebeba mtoto mgongoni. Alikuwa Shangazi Xaveria. Ametoka Muleba na mjukuu wake wa miaka minne, ambaye haongei wala hamtazami mtu, ambaye sisi wote hatukujua kwamba yupo. Nilimwamkia shikamoo. Safari hii aliitikia upesi, halafu akasema kwa sauti ndogo, "Mwanangu, siku ile sikuwa nauliza kwa ajili yako."

Tabibu akatandika mkeka, akapanga mahindi na kahawa za ukoo. Akamwuliza kama anavyowauliza wote: wiki hii nini kimemchekesha? Shangazi akafungua mdomo, akaufunga, machozi yakaanza kumlenga. Mara kuku wa jirani akatokea uwanjani, akaingia mkekani na kuanza kuwameza wanaume wa ukoo wetu mmoja baada ya mwingine. Mtoto akageuza shingo. Akacheka, kicheko kikubwa, cha tumboni.

Tabibu Yusto, ambaye amefukuza kuku huyo na mama yake kuku huyo kwa miaka mingi, hakuinua mkono. Akamwongezea mahindi.

Kuanzia Julai mkeka utashikwa na Muuguzi Celestina, na mjukuu wa Shangazi ana siku yake ya kurudi. Tabibu, wewe na Mama Prudensia asante kwa ule mwaka mmoja uliochukua thelathini na mitano. Umetutangulia njia nyingi, ukalowa ili sisi tupite tumekauka. Sasa rudi nyuma ya msafara, tembea polepole, na umande wa mbele tuachie sisi.