Bwana Shamba wa Alhamisi

Mniwie radhi tangu mapema. Kisa hiki nitakiharibu, na si kwa kupenda: aliyenisimulia alikuwa na chakula mdomoni, kwa hiyo maneno mengine yalinifikia yakiwa yametafunwa nusu. Ilikuwa Ruiru, mwaka wa hamsini na nane, mwezi wa tano, nyuma ya stesheni, pale mabehewa yanapopakiwa magunia ya kahawa ya watu wengine. Benchi lilikuwa gogo la muwati. Gome lake lilichunwa zamani likauzwa kiwandani Thika kwa kutengenezea ngozi, hivyo benchi lilikaa uchi, nao waliolikalia hawakuwa na nguo nyingi za kulicheka. Mbele yake Wakonyo aliuza kahawa ya buni zilizokataliwa na mashine, chungu kama kesi ya shamba, na githeri, mahindi na maharagwe sufuria moja, kwa yule ambaye maneno hayakumshibisha.

Wenye benchi walikuwa watatu. Erastus aliitwa Gazeti, kwa kuwa alisoma kila karatasi iliyofungiwa nyama, na habari zake zote ziliishia pale mchinjaji alipochana. Kitheka, mkata mkonge kutoka Ukambani, aliitwa Mkonge, na hakuona haja ya kukataa. Wa tatu alikuwa Wainaina, fundi wa baiskeli. Yeye alikuwa Gramafoni: akianza kuzunguka hanyamazi mpaka mtu amwondolee sindano. Ujanani aliigiza vichekesho kwenye sherehe za kanisa, na toka hapo aliamini kwamba mzaha ni kama kiazi kikuu, ukiufukua mapema unatoa mzizi mtupu.

Na wiki hiyo alikuwa na kiazi chake ardhini. Jumatatu, bila kucheka hata kwa pua, aliliambia benchi kwamba bwana shamba anakuja Alhamisi na kamba ya kupimia. Atakagua kila mwenye kibali cha kahawa. Shina moja la maharagwe likionekana kati ya miche, miche kumi itang'olewa. Na asidhani mtu atayaficha nyumbani, kwa maana bwana shamba atafunua hata vyungu jikoni. Gazeti na Mkonge walicheka kicheko cha watu wasio na kahawa. Mburu, aliyepita kunywa kikombe kimoja, hakucheka. Alikuwa na kibali cha miche mia moja, ya mwaka wa kwanza, na mkewe Wamboi alikuwa amepanda maharagwe katikati yake, kwenye mashimo yaliyojaa samadi. Mburu aliacha kikombe nusu akaenda zake. Gramafoni alidhani ameenda kuchekea nyumbani.

Alhamisi ikafika. Alasiri, Mburu akaja benchini kwa miguu mizito.

— Baba Idah! Gramafoni akamwita. Kaa. Leo Wakonyo amepika githeri ya maharagwe mabichi, laini kama maneno ya mchumba. Mimi niko bakuli la pili.

— Naona, Mburu akasema.

— Huli?

— Sili. Nipe kahawa tu, mama.

Wakonyo akammiminia. Aliufungua mdomo kidogo, akamtazama Mburu, akaufunga.

— Mtoto wako anaendeleaje na ugonjwa? Gazeti akauliza.

— Tumetoka zahanati asubuhi hii. Nywele zimekuwa nyekundu kama ndevu za mahindi. Miguu imevimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo. Hachezi. Anakaa tu pale unapomweka.

— Ngai! Wakonyo akasema.

— Dresa, yule anayetibu pale, amesema si minyoo wala si jicho la mtu. Ni chakula. Anakula uji wa mahindi na ndizi, tumbo linajaa, lakini mwili hauna cha kujengea. Amesema apewe maziwa. Nikamwambia ng'ombe wetu aliondoka tulipohamishiwa kijiji kipya. Basi akasema maharagwe. Yapondwe, kila siku, bila kukosa. Akasema tusicheze na siku.

Kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umetajwa na daktari hayupo, kila mtu akawa daktari.

— Mimi nitakwambia ilikoanzia, Mkonge akasema. Udongo. Udongo wetu umehama. Mvua ikinyesha, mto Ruiru unakuwa mwekundu, si ndio? Ule wekundu ni shamba. Ruiru unaupeleka Athi, Athi unaupeleka baharini. Saa hii tunavyoongea, kuna mtu huko Malindi anapanda muhogo kwenye shamba la Mburu.

— Na hakuomba ruhusa! Gramafoni akasema.

— Wahenga walisema, aliye juu mngoje chini. Watu wa Malindi wamengoja tu.

— Lakini si tumechimba matuta? Gazeti akauliza. Wanawake wamechimba mpaka majembe yakaisha meno.

— Matuta ni ngazi, bwana! Zamani udongo ulikuwa unaanguka. Siku hizi unashuka kwa ngazi, kama mtu mwenye kazi ya ofisi.

Gramafoni alicheka akapaliwa na punje ya mahindi, akapigwa mgongo, akaomba aongezewe mchuzi. Mburu alikuwa akitazama kijiko kikipanda na kushuka, kikipanda na kushuka.

— Nyinyi mnaongea habari za mtaa huu, Gazeti akasema, akatoa mfukoni karatasi yenye alama za mafuta. Jambo hili ni la dunia nzima. Wataalamu wa Ulaya wamehesabu watu, wakahesabu na chakula. Watu wamezidi. Kwa hiyo wanatengeneza vidonge. Chakula cha Thika nzima cha mwezi mzima kitaletwa ndani ya kiberiti. Asubuhi unameza ugali, saa saba unameza nyama.

— Na maharagwe? Mburu akauliza, kwa haraka kidogo.

Gazeti akaigeuza karatasi, akaigeuza tena.

— Hapo pamechanika.

— Na mtoto afanye nini akingoja kiberiti? Wakonyo akauliza.

— Apewe samaki. Hata wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi.

— Mburu ni wa huku, hali samaki, Mkonge akasema. Baba yake hakula, babu yake hakula.

— Si lazima amle. Amkunje tu.

Ndipo Gramafoni akaona zamu yake imeiva. Akaweka bakuli magotini, akafuta mdomo, akasimama kama zamani kanisani, kabla ya pazia kuvutwa.

— Nyamazeni, niwape elimu ya bure. Mkosi ni kahawa yenyewe. Mti wa kahawa una mzizi mmoja unaokwenda chini wima. Unakwenda wapi? Hamjui. Mzizi ule unapenya dunia mpaka ng'ambo, unatokea chini ya meza ya mzungu. Mzungu anakaa asubuhi na gazeti lake zima, si kama hilo lenye mafuta, anavuta funda moja, fyuu! Na huku kwetu mgomba unasinyaa. Anavuta la pili, fyuu! Kiazi kitamu kinageuka kamba. Anavuta la tatu, na nywele za mtoto zinabadilika rangi! Sisi tunapalilia mrija!

Benchi lilicheka mpaka gogo likatikisika. Hata Wakonyo alitabasamu upande mmoja. Mburu peke yake hakucheka. Gramafoni akajisemea kwamba sasa ndiyo saa: ngoja vinywa vyote vifunguke kwa kicheko kimoja zaidi, afukue kiazi chake, awaambie kwamba hakuna bwana shamba, wala kamba, wala Alhamisi. Mburu atapumua, atacheka, atarudi nyumbani na wepesi. Akakaa, akamnyoshea Wakonyo bakuli.

— La tatu, mama. Elimu inaumiza tumbo.

Wakonyo alikuwa bado anapakua alipofika mama mmoja na kikapu mgongoni, kamba yake ikimkaza paji la uso. Alikuwa Ndunge, mfinyanzi wa Gatuanyaga aliyekuja kuuza vyungu. Akasalimu, akatua mzigo.

— Karibu, mwaitu, Mkonge akasema, akimwita mama kwa Kikamba, akifurahi kusikia harufu ya kwao. Kaa. Tunatafuta kilichomaliza chakula duniani.

— Mmekipata?

— Tuko karibu sana.

Wakonyo akampa Ndunge kijiko cha githeri aonje kwanza. Ndunge akatafuna, akasita, akatoa harage moja kwa vidole akaligeuza kwenye mwanga.

— Huku kwenu ni ajabu. Ni mwezi wa tano. Nimepita mashamba toka Gatuanyaga mpaka hapa, maharagwe yote bado maua. Haya mabichi yametoka wapi?

Watu waliojua udongo wa Ruiru unakolala Malindi, waliojua ugali utakavyofungwa ndani ya kiberiti, wakatazamana. Hakuna aliyejua. Walikuwa wamekula mabakuli matano kwa jumla, na swali lile halikuwa limepita hata kwa mmoja.

Wakonyo akaweka upawa chini.

— Mimi nilidhani mwenyewe atasema, maana nimemngoja. Aliyaleta Baba Idah jana jioni. Kikapu kizima. Akasema nipike yote siku moja, yasibaki, yasionekane.

— Mburu, Gazeti akasema polepole, umeng'oa maharagwe ya mtoto?

— Samadi ya kahawa iliyaharakisha, yalikuwa karibu kuiva. Mburu alikiongelesha kikombe chake. Wamboi alilia, nikamwambia miche kumi kwa shina moja, tutabaki na nini? Nikayatoa nyumbani kabisa, kwa sababu atafunua vyungu. Hiyo ilikuwa jana. Maneno ya dresa nimeyasikia leo. Nimekuja nione kama yamebaki.

— Na tangu umekaa hapa, kwa nini hukusema?

— Nitawaambia nini? Mlikuwa mnakula.

Ndunge hakuelewa, akauliza kama mtu anayeuliza njia.

— Nani atafunua vyungu?

— Bwana shamba, Mburu akasema. Wa Alhamisi.

— Leo ndiyo Alhamisi, na jua linainama. Yuko wapi?

Vinywa vyote vilikuwa wazi sasa, kama Gramafoni alivyovingoja tangu Jumatatu. Hakuna hata kimoja kilichocheka. Wakonyo alikuwa amekwangua sufuria, chuma kikilia, na kilichopatikana ni lile bakuli la tatu tu, nusu yake mahindi. Birika nalo lilikuwa limeishia kwenye machicha. Ndunge akafungua fundo la leso yake, akamimina mbaazi kavu ndani ya kiganja cha Mburu, konzi moja, bila kuuliza za nani.

— Chemsha usiku kucha, akasema. Ponda. Hizi huota penye mawe, hakuna anayekuja kuzipima.

Wakonyo akalifunika bakuli kwa jani la mgomba, akampa Mburu. Mburu akasimama, bakuli mkono mmoja, mbaazi mkono mwingine, akaitazama barabara ya Thika, juu na chini.

— Gramafoni, akasema. Nikikutana naye njiani na bakuli hili, nimwambie nini?

Gramafoni alikuwa na punje za mwisho mdomoni. Akazitafuna taratibu, watu wote wakimngoja.

— Nenda tu, Baba Idah. Barabarani hayuko. Bwana shamba alishafika zamani. Ndiye huyu aliyekaa hapa, na amekagua mabakuli mawili.