Papa Basile na Rezo ya Matanga

Papa Basile Lotika amefanya kazi miaka kumi na sita katika kampuni yetu ndogo ya internet ya hewani, hapa Kisangani, na tarehe 30 ya mwezi huu anapumzika kazi. Mimi Tonton Bavon, mupandaji wa pilone, ile minara ya antena, ndiye ninaandika wasifu wake, sababu hakuna mutu anayemujua kunipita. Hata mukubwa wetu alikubali.

Tulianza na ruta moja, ile mashine inayogawia kila nyumba kipande chake cha internet, na wateja wachache wa Makiso. Antena ya kwanza niliipandisha mimi, radi inapiga, mukono mmoja unashika chuma, mwingine unafukuza popo wakubwa kama mbuzi. Papa Basile alikuwa chini, anagawa. Kila nyumba kiasi chake, bila upendeleo. Shemeji zake waliacha kumusalimia.

Ila matanga. Nyumba ikifiwa, aliifungulia rezo yote, internet bila kipimo, mpaka maziko yaishe, ili watoto walioko Kinshasa na Ulaya waone mama yao akishushwa. Kuna maziko moja ya Lubunga ambayo Ubelgiji nzima iliangalia, na polisi wa kule wakalia.

Bon, tukakua. Mangobo, Kabondo, Tshopo: antena kila paa, na kila antena inalisha majirani watatu. Mukubwa anauza, ruta iko ileile. Na watu wakajua siri. Mama Pétronille wa Kabondo alifiwa na kaka yake mara mbili katika musimu mmoja wa mupira. Papa Basile alipoenda kutoa pole, alimukuta marehemu ameketi mbele ya televizio: "Karibu, Papa Basile, kaa, bado iko zero-zero!" Alicheka sana, akasahau hata kuwakata.

Mwaka huu, juma moja, tulipata matanga matatu ya kweli. Akayafungulia yote. Ruta ikapata moto, ikalala, na muji mzima ukalala nayo. Moja ya yale matanga ilikuwa ya dada yangu Georgette. Mutoto wake Grâce, aliye Lyon, aliona sanduku limesimama katikati ya kamba, picha ikakatika, basi. Mpaka leo ananipigia: tonton, lilifika chini? Ninamuambia lilifika. Haamini.

Papa Basile aliomba ruta ya pili katika kila mukutano. Ilikuja, lakini ikapelekwa Isangi kutafuta wateja wapya. Hapa, kuanzia mwezi ujao, mashine itagawa yenyewe, sawasawa, arusi ao kilio. Hakuna tena mutu wa kufungua. Nilipiga kelele ofisini mpaka vioo vikatetemeka. Haikubadilisha kitu.

Papa Basile, asante kwa kila jeneza ulilowaonyesha watoto wetu. Nenda kwenu Banalia, muto wa Aruwimi ukupe samaki, magoti yako yapone, na usingizi wako usikatwe na simu ya mutu. Tunakuombea miaka mirefu yenye utulivu. Sisi tunaobaki, atakayefiwa awaambie walio mbali wasingoje picha.