Kereng'ende wa Mama Margareta

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Baba Paroko, Sista Mkuu wa Shule, wajumbe wa bodi, walimu na wanafunzi, ndugu wageni waalikwa mliopanda na barabara yetu ya Kibosho mkafika mkiwa bado na viungo vyote. Wazee wangu, shikamooni. Na wewe Mama Margareta, ambaye leo tunakuaga, shikamoo ya peke yako.

Naitwa Shedrack. Nilisoma hapa, na sasa ni mtafiti wa wadudu chuo kikuu. Ratiba inasema nitatoa neno la shukrani kwa niaba ya wanafunzi wa zamani. Shukrani ninazo. Lakini nimekuja pia kumwomba Mama radhi, na nimeomba nifanye hivyo mbele yenu, kwa sababu kosa lenyewe nililifanya kwa maandishi ambayo yangesomwa na watu wengi kuliko waliomo ukumbini humu.

Kwa miaka thelathini na moja Mama Margareta ameshika funguo za maabara ya shule hii. Hakuwa mwalimu, na hakuna cheti ukutani kwake kinachosema anajua biolojia. Lakini nani kati yetu aliwahi kuvunja chupa ya maabara akafika getini bila kuitwa kwa majina yake yote matatu?

Nikiwa kidato cha pili tulipewa hadubini tutazame ngozi ya kitunguu na kuchora tulichokiona. Mimi niliona ukungu mtupu. Nikafungua kitabu chini ya meza, nikachora mchoro safi kabisa, na mwalimu akanipa alama zote. Mama alikuwa anakusanya vioo vya hadubini. Akatazama mchoro wangu, akatazama kioo changu, akasema, "Hiki ni kitunguu cha kitabuni. Cha kwako kiko wapi? Andika ulichokiona, Shedrack." Nilicheka na wenzangu. Nilidhani ni maneno ya mama wa usafi.

Sasa nisikilizeni. Wenyeji mnajua, wageni niwaeleze: mfongo ni mfereji ambao babu zetu walichimba kuleta maji ya mlimani vihambani, kwenye mashamba yetu ya migomba, na kila mwaka kila kaya hutoa mtu wa kwenda kuusafisha. Mwaka mmoja, miaka sita iliyopita, kwa kaya yao alikwenda Mama mwenyewe na jembe lake, kwenye ule mfongo uliochimbwa na mzee Ndelilio. Pale juu, maji yanapochuruzika kwenye mwamba kivulini, wenzake walikuwa wameanza kukwangua majani yote. Mama akaona kereng'ende ametua kwenye jani la mmea wa isale. Uso mweupe kama maziwa, na mkiani pete mbili za bluu. Mama amekulia kwenye mfongo ule, amewaona kereng'ende tangu anaokota kuni, na huyu hakuwa mmoja wao. Akawaomba wenzake wauache mwamba ule kama ulivyo. Wakamcheka, eti mama wa maabara sasa analinda inzi. Lakini waliuacha, na wengine wao wamekaa hapa mbele yangu. Nawashukuru kuliko mnavyojua.

Alimkamata mmoja, akamkausha, akamweka kwenye bahasha, akanitumia kwa basi.

Ndugu zangu, kereng'ende akifa, rangi zake hufa naye. Baada ya siku chache ile bluu inakuwa kahawia. Kila anayefanya kazi yangu anajua hilo, na mimi nililijua. Nilijua pia kwamba dume ana vikoleo viwili kwenye ncha ya mkia, vya kumshikia jike, na kwamba kila aina ina vikoleo vya umbo lake. Hiyo ndiyo alama tunayoiamini kuliko rangi. Kuvitazama ni kazi ya dakika tano. Je, nilizitumia dakika hizo? Nilifungua kitabu, nikaona picha ya mdudu wa kahawia, nikamwandikia Mama ujumbe: "Ni wa kawaida. Asante."

Akapiga simu. "Umemwona akiwa hai?"

"Mama, sina haja. Ninavyo vitabu."

"Haya, mwanangu."

Alituma bahasha ya pili mwaka uliofuata, na ya tatu mwaka mwingine. Ya tatu sikuifungua. Nasema hivyo kwa aibu, na Sista, naomba wanafunzi wasizibwe masikio.

Ilipofika Krismasi, nikapanda nyumbani kama Wachagga wote, nikaenda kumsalimia. Nilitegemea bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi. Hakunikaribisha hata kuketi. Alivaa gambuti, akatangulia, nami nikamfuata hadi kwenye mwamba. Tulingoja karibu saa nzima. Halafu kereng'ende akaja, akatua kwenye isale, umbali wa mkono mmoja kutoka usoni pangu, na pete zake mbili za bluu. Nilisimama na viatu vyangu vya mjini ndani ya maji. Mama hakusema "nilikwambia". Alisema tu, "Sasa twende ukale."

Niliporudi chuoni nilifungua bahasha zote tatu. Vikoleo vile havikuwamo katika kitabu chochote. Alikuwa aina mpya, na alikuwa amelala kwenye droo yangu miaka mitatu.

Mngedhani hapo nilikuwa nimejifunza. Kumtangaza mdudu mpya, lazima uchague mmoja awe kielelezo cha kwanza, ambaye wote watakaokuja watalinganishwa naye. Kibandiko chake huandikwa mahali, tarehe na jina la aliyemkamata. Nilimchagua yule wa bahasha ya kwanza. Na kwenye kibandiko nikaandika jina langu. Nilijiambia kwamba majarida yanataka jina la msomi, na kwamba Mama alishika tu, mimi ndiye niliyetambua. Mnaona jinsi mtu anavyoweza kujidanganya kwa Kiswahili fasaha?

Nikamtumia nakala ya makala, yenye maneno ya kibandiko hicho, nikijivuna. Nilisahau kwamba mtu aliyesoma vibandiko vya chupa kwa miaka thelathini hashindwi na kibandiko kimoja zaidi. Nakala ilirudi. Pembeni mwa jina langu, kwa penseli, kulikuwa na maneno mawili: "Andika ulichokiona."

Niliiondoa makala ile siku hiyo hiyo. Imeandikwa upya, imepokelewa, na mwandishi wake wa kwanza si mimi. Nilitaka mdudu apewe jina la Mama. Alikataa, akasema yeye jina analo tayari, apewe la mfongo. Itakuwa hivyo.

Wageni, jani la isale kwetu ni la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu ukampelekea isale, mila haimruhusu kukukatalia. Wengi mmejiuliza kwa nini sikumletea Mama jani mapema, na shangazi zangu wamenisema sana. Niliogopa, kwa sababu nilijua angelipokea. Sikuona haki kumfunga kwa jani wakati jina langu bado liko mahali pa jina lake.

Wiki iliyopita nilibandika kibandiko kipya. Kinasema: Kibosho, mwamba wa mfongo wa Ndelilio. Amekamatwa na Margareta, mtunza maabara.

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, ndugu wote, nawashukuru kwa masikio na uvumilivu wenu. Naomba ruhusa nishuke jukwaani. Mama, nimeandika nilichokiona. Na jani hili nimelichuma asubuhi, pale pale anapotua.