Bahasha Iliyobaki

Treni ya asubuhi ilikuwa imetoka tu Kibera, nami nasinzia, mama aliyekaa mbele yangu alipomwambia jirani yake, fundi mwenye ovaroli, kwamba amemaliza kupanga pesa zake vile pasta alivyowafundisha. "Nilikuwa na bahasha chungu nzima, kila matumizi na yake. Sasa nimebaki na moja."

"Hiyo ni poa, mama. Mimi hata bahasha sina."

"Ya nguo nilitoa. Ya nauli ya kwenda kumwona mama yangu Webuye ilimezwa na kodi ya nyumba. Na mama ni mgonjwa sana."

"Sasa hiyo moja ni ya nini?"

"Ya chama cha watu wa kwetu. Ukifa, wanakusafirisha mpaka nyumbani, jeneza na chai ya matanga vyote vikiwa ndani ya mchango."

Fundi akacheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Si uwaombe nauli tu, uende?"

"Niliwaomba. Mwenyekiti akasema hiyo ni pesa ya maiti."

"Basi wacha kuchanga!"

"Halafu nizikwe huku mjini, makaburi ya Lang'ata, na watu sijui?"

Hapo fundi akageukia dirisha. Mimi nikajifanya bado nasinzia, maana chama chetu kina sheria hiyo hiyo, na niliipigia kura.

Treni ikasimama. Mama akachukua kiondo chake, akasema bila kumtazama mtu, "Nikifa leo, Jumamosi niko nyumbani na mama."