Mwanasesere wa Gauni la Kijani

Jirani yetu Odessa anadai kwamba filamu kuhusu mzee Hobart ilipoonyeshwa kanisani, mzee alilia kuwaona wanasesere wa mbao aliojifunza mwenyewe kuwachonga. Leo, kwenye basi la kwenda mji wa Hazard, nilikaa nyuma ya binti wa mzee huyo, Verlene.

“Hata mimi ninaye mwanasesere mmoja wa baba yako, dada,” bwana aliyekaa naye alitamba. “Wa gauni la kijani. Nimemsimamisha shambani, anafukuza kunguru vizuri kuliko mbwa wangu!”

Verlene alikuwa amechoka mno hata asiweze kukasirika. “Gauni lile ni la marehemu mama. Mimi ndiye niliyemuuza mwanasesere huyo bila kujua. Nimelitambua kwenye filamu, baba akilishona upya limfae mwanasesere. Kaka, nirudishie mwanasesere. Jumapili tunapamba makaburi, la mama pia, na baba anamuulizia.”

Basi likasimama. Yule bwana akaanza kutafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.