Elijah Mutahi Kingori, Aliyeimba Kila Wimbo Mara Moja

Marehemu Elijah Mutahi Kingori alizaliwa Jumapili tarehe 14 Machi 1971 kijijini Ihururu, Tetu, akiwa mtoto wa pili wa kiume wa marehemu Mzee Kingori Mugo na marehemu Mama Wangechi. Kwa desturi yetu mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la babu wa upande wa mama, naye alipewa, pamoja na taarifa kwamba ana masikio ya babu, mwendo wa babu na, kadiri alivyoendelea kukua, ukaidi wa babu. Kwa ufupi alianza maisha akiwa nakala. Miaka hamsini na minne iliyofuata aliitumia kulirekebisha jambo hilo, bila kumvunjia babu heshima.

Alianza darasa la kwanza kijijini mwaka 1978, na mwaka 1985 akafanya mtihani wa darasa la nane na kundi la kwanza kabisa la mfumo wa 8-4-4. Yaani serikali ilimfanyia majaribio kabla yeye hajaanza ya kwake. Masomo ya upili aliyapata katika shule ya kutwa iliyokuwa mwendo wa kilomita sita, akamaliza mwaka 1989 na alama zisizotisha wala kuaibisha. Kinachokumbukwa zaidi ni tamasha la muziki la mwaka 1988. Shule kumi na moja ziliimba wimbo mmoja uliopangwa, moja baada ya nyingine, tangu asubuhi. Shule ya Mutahi ilikuwa ya mwisho. Yeye, akiwa safu ya nyuma, aliimba kwa nusu ya mwendo wa wenzake, akamaliza dakika mbili baada yao, peke yake, kwa utulivu wa mtu anayengoja maziwa yachemke. Walishika nafasi ya kumi na moja.

"Kwa nini umetufanyia hivyo?" mwalimu wa kwaya alimuuliza.

"Mwalimu, hao majaji walikuwa wamelala. Nilitaka tu mmoja aamke."

Mwalimu alikuja kukiri, miaka mingi baadaye, kwamba mmoja aliamka.

Mwaka 1991 Mutahi alijifunza ufundi wa redio katika kibanda kilicho nyuma ya soko la Karatina, na mwaka 1996 akanunua spika mbili na jenereta, akaanza kukodisha mitambo ya sauti kwa harusi na mazishi. Wapo hapa waliomzika baba, mama na shangazi kwa spika za Mutahi, na hakuna hata siku moja zilipozima katikati ya maombi. Kazi hiyo ilimtaka apige kinanda nyimbo zile zile tatu, kila wiki, kwa mwendo ule ule. Alizipiga kwa uaminifu, kama mwalimu wa hesabu anavyofundisha mbili jumlisha mbili, bila kutarajia habari mpya.

Ni katika kibanda hicho alipokutana na Kabura Wamae, aliyekuwa akileta ndizi kutoka Mukurweini, na ambaye redio yake ilihitaji kutengenezwa mara tano katika mwezi mmoja. Siku ya kupeleka mahari, wazee walipokwisha kula, Mzee Wamae alimwomba kijana aimbe kidogo, kwa kuwa alisikia ni mwanamuziki. Mutahi aliimba wimbo aliokuwa ameutunga njiani. Ulikuwa na vituo virefu vya kimya, na wazee wakavingoja vyote kwa adabu.

"Imeisha?" Mzee Wamae aliuliza katika kituo cha tatu.

"Bado, baba. Hapo ndio katikati."

Wimbo ulipokwisha, mzee alifikiri. "Na uko na ingine yenye watu wanajua?"

"Hapana, baba. Niko na hizi tu."

Mzee alimgeukia binti yake. "Kabura, wewe unamtaka tu hivyo?"

"Namtaka hivyo hivyo."

"Basi chai iletwe," mzee alisema, na neno hilo likawa limekwisha. Walifunga ndoa kanisani Karatina tarehe 6 Desemba 1997, wakabarikiwa na watoto wawili, Kingori na Wangechi.

Ili kuelewa alichofanya Mutahi baada ya hapo, lazima ikumbukwe hali ya muziki katika miji yetu ya mlimani. Kutoka Nyeri hadi Karatina kuna wapiga gitaa hodari, na kila Jumamosi hodari hao huketi kwenye viti virefu katika mabaa na kuimba nyimbo za watu wengine, wengi wao marehemu. Mutahi hakuwadharau. Aliwakarabatia spika, na gitaa la mugithi, muziki huo wa mabaa, alilipenda. Ila alikuwa akisema kwamba mji unaoimba nyimbo za waliokufa kila Jumamosi unawaambia walio hai wangoje wafe kwanza, na kwamba hao waliokufa, wakati wao, hawakungoja.

Mwezi Februari 2009 alikodi stoo ya kahawa iliyoachwa wazi Mukurweini, akaanzisha kikao cha muziki cha kila Jumamosi ya pili ya mwezi. Ukutani aliandika kwa chaki: HAKUNA KURUDIA. Hakuna aliyeruhusiwa kupiga wimbo uliowahi kusikika popote, hata ukiwa wake mwenyewe, na hakuna aliyeruhusiwa kurekodi. Aliyevunja sheria aliwamenyea wote viazi. Waliodumu tangu mwanzo walikuwa wachache: Mwalimu Benter, aliyehamishiwa huku kutoka Siaya akaja na orutu, ile fidla ya uzi mmoja, na Koplo Kyalo, aliyefika mara ya kwanza kuchunguza kelele, akabaki kupiga ngoma. Mwaka wa kwanza mmenyaji mkuu wa viazi alikuwa Mutahi mwenyewe. Alikuwa akisimama katikati ya wimbo wake, anasema, "Hapa nimejiiba," kisha anachukua kisu.

Sheria ya kutorekodi aliivunja mara moja, mwezi Septemba 2012, walipojaribu kitu katika kiwanda cha kahawa wakati wa kazi: mashine ya kutoa kahawa maganda, maji ya mfereji, na orutu ya Benter juu yake. Dakika sita. Alisema anataka kuisikiliza mara moja tu kisha aifute. Ijumaa tarehe 12 Oktoba alikuwa na kazi ya mazishi ya aliyekuwa meneja wa kiwanda kimoja cha kahawa kwa miaka thelathini, na jeneza lilipoinuliwa, Mutahi alichomeka flashi isiyo yenyewe.

Mashine ilinguruma juu ya waombolezaji mia nne. Waliokuwa wameketi walisimama. Wanaume walivua kofia. Mchungaji alifunga Biblia, akainamisha kichwa, kwa kuwa katika mazishi ya mtu mkubwa hujui serikali imeandaa nini. Kufikia wakati Mutahi alipogundua ni flashi gani aliyoichomeka, dakika nne zilikuwa zimepita, na ingekuwa utovu wa adabu kuzima. Ilipoisha, mjane alituma mtu amuite.

"Ni nani alipanga hiyo ya mashine?"

"Ni makosa yangu, mama. Nisamehe."

"Usiombe msamaha. Tangu asubuhi tumeimbiwa, na hiyo ndiyo kitu ya kwanza nimesikia inafanana na mzee."

Watu hawakuisahau. Kwa mwaka mzima, aliyekuja kukodi spika aliuliza kama bei ni pamoja na "ile ya mashine". Mutahi alikataa kuipiga tena, hata kwa mkuu wa wilaya mstaafu aliyeitaka akiwa bado hai, ili ajue itakavyokuwa. Vijana wa Karatina, walipoona hapigi, walijipigia: wimbo wa posho mill ya kusaga mahindi, wimbo wa msumeno, wimbo wa mashine ya kukamua ng'ombe. Walipomletea wa saba, alisikiliza hadi mwisho, akawapa chai.

"Ni mzuri," alisema. "Lakini mashine sasa imekuwa mugithi. Tafuteni ingine."

Mwezi Januari 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Mtu mwingine angeenda hospitali. Mutahi aliipenda, akasema hajawahi kuwa nayo, akatunga nyimbo kadhaa za kuitumia; ndiyo sababu alichelewa hadi mwezi Mei. Tarehe 30 Mei madaktari mjini Nyeri walithibitisha kuwa ni saratani ya koo, wakapanga upasuaji Jumatatu tarehe 19 Juni. Walimweleza bila kuficha: upasuaji ungemwachia uhai na kuchukua sauti.

Hapo ndipo Kabura alipofikiri jambo ambalo hakuna mwingine aliyekuwa amelifikiri. Kwa miaka kumi na minne mumewe alikuwa ameimba nyimbo zaidi ya mia tatu, kila mmoja mara moja, na sauti yake haikuwa imehifadhiwa popote duniani. Ile ya mashine haikuwa na mwimbaji. Alifunga kibanda cha ndizi saa nane mchana akaja nyumbani.

"Baba Kingori, umebaki na siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Basi uimbe zile za zamani, zote unakumbuka. Wangechi atashika simu."

"Hizo zilishaimbwa."

"Na nani alisikia? Mimi, Benter na polisi mmoja. Hawa watoto watabaki na nini, spika?"

Alijaribu jioni hiyo hiyo, maana mtu aliyeoa miaka ishirini na mitano anajua mambo ya kubishania. Alichagua wimbo mmoja wa 2014, akafika ubeti wa pili, akanyamaza.

"Huyu ni mtu anaiga Mutahi," alisema. "Na hata hamwezi."

Asubuhi Kabura alikuja na chai, akaweka na simu mezani.

"Hiyo sheria yako inasema usirudie. Kuna mahali inakataza kuimba mpya?"

"Hakuna."

"Basi imba mpya, kila siku moja. Lakini hii ya kukataa kurekodi, leo imeisha."

"Tulikubaliana wote."

"Mlikubaliana mwaka wa 2009. Tangu hapo mnarudia tu."

Mutahi aliitafakari hoja hiyo mpaka chai ikapoa, asiione kasoro yake. Akaenda jikoni akamenya viazi vya siku nzima.

Kwa siku kumi na tisa aliimba wimbo mmoja mpya kila siku, kwa sauti iliyokuwa ikimwishia mkononi, akiutumia ule mkwaruzo kama wengine wanavyotumia gitaa jipya. Siku ya nne aliimba akivuta pumzi ndani badala ya kuitoa. Siku ya tisa yeye na orutu ya Benter walikaribiana mno hata Benter mwenyewe, akisikiliza rekodi, alishindwa kusema yupi ni yupi. Siku ya kumi na mbili aliimba Kikamba alichofundishwa asubuhi hiyo na Kyalo, na kukitamka vibaya. Kyalo alitoka nje akakaa huko kwa muda, akasema ni moshi. Siku ya kumi na tisa, Jumapili baada ya ibada, aliimba mistari miwili sauti ikakatika. Hakuacha. Aliendelea kuimba kwa mdomo, akipiga mwendo kwa kidole juu ya meza, dakika nne kamili hadi mwisho wa wimbo, bila chochote kusikika. Kabura, aliyekuwa ameshika simu siku hiyo, hakuizima.

Aliishi miaka miwili na zaidi baada ya upasuaji, akizungumza kwa chaki na kibao. Jumamosi ya pili ya Agosti 2023 alirudi stoo, wenzake wakidhani amekuja kusikiliza. Aliweka maikrofoni karibu na tundu la shingoni aliloachiwa na upasuaji na kupiga pumzi yake kwa robo saa. Koplo Kyalo ndiye aliyesema kwanza. "Mzee, hiyo kweli hatujasikia." Vijana walipomjia kuuliza wafanye nini ili wawe kama yeye, aliwaandikia: "Hapo ndipo mmekosea kwanza." Kisha akawakaribisha, na tisa kati yao bado wanakuja.

Saratani ilirudi mwezi Mei mwaka huu. Mutahi alifariki nyumbani kwake Karatina Jumapili tarehe 10 Agosti 2025, saa nne asubuhi, mkewe na watoto wakiwa kando yake. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, waumini waliomwombea, na wauzaji wenzake Kabura sokoni, waliouza ndizi zake wiki tisa bila kuulizwa.

Ameacha mjane, Kabura. Watoto, Kingori na Wangechi. Kaka mkubwa, Mugo. Baba mkwe, Mzee Wamae, ambaye bado anasubiri wimbo anaoujua. Wapwa na wajukuu wa ukoo. Mwalimu Benter na Koplo Kyalo, wanaohesabiwa kuwa ndugu. Na stoo ya Mukurweini, itakayofunguliwa Jumamosi ya pili kama kawaida.

Nyimbo kumi na nane za kwanza ni za watoto wake, na aliandika kwamba zisipigwe leo. Wa kumi na tisa aliuacha kwa ajili ya mkutano huu. Baada ya maombi utapigwa kwa spika zake mwenyewe. Mtasikia mistari miwili ya sauti yake, kisha dakika nne ambazo wimbo upo na sauti haipo, isipokuwa kidole juu ya meza. Dakika hizo aliziandikia maneno haya: "Hapa panahitaji watu." Kila mmoja anaombwa aimbe chochote kitakachomjia, mradi kisiwe wimbo tunaoujua. Mchungaji ameelezwa na amekubali. Msihofu kukosea, haujawahi kuimbwa, kwa hivyo hakuna atakayejua.

Bwana ampe Mutahi pumziko la amani.